Mwanaamina na Matangazo ya Mbogo

Mwanaamina wa huku kwetu Gwata alipigwa picha ya tangazo la gari kabla hajawahi kupanda gari lolote.

Alikuwa msichana, anakaa kwa wazazi wake katika kijiji kimoja nyuma ya Kisarawe, na asubuhi hiyo alikuwa anatoka shamba na tenga la muhogo kichwani. Kwenye mteremko wa kushukia mtoni akakuta watu wenye kamera wamelizunguka gari jipya aina ya jipu, lenye paa la turubai, liitwalo Mbogo, limezama mpaka ekseli. Walikuwa wamelileta kutoka Dar kulipiga picha likiyashinda matope. Matope yalikuwa yamelishinda kwanza.

Ikabidi litafutwe trekta la shamba la korosho. Likaja na kijana mwembamba, Hamidu, mzaliwa wa Gwata aliyekuwa akifanya kibarua kule. Akafunga kamba, akalivuta Mbogo mpaka pakavu, kisha akaambiwa asogee na trekta lake asiharibu picha. Mwanaamina yeye akaambiwa abaki. Apite kando ya gari, acheke, asiangalie kamera. Akapita na kurudi mpaka shingo ikamuuma, wakamshukuru kwa kopo la biskuti.

Tangazo likatoka gazetini: jipu linang'aa, msichana mwenye tenga anatabasamu, na chini yake maneno makubwa, MBOGO HUFIKA PASIPOFIKIKA. Hapo pasipofikika palikuwa nyumbani kwao. Yeye alikuwa akifika kila siku, kwa miguu, na mzigo.

Hamidu alilikata lile tangazo akalipeleka kwa wazazi wa Mwanaamina, apate kisingizio cha kupiga hodi. Alipiga hodi nyingi. Mwishowe wakaoana, akamleta Gwata, na tangazo likaja nao, likabandikwa ukutani sebuleni.

Miaka ikaenda. Wakalima, wakazaa, wakazika mtoto mmoja na kusomesha wengine. Kampuni ya Mbogo nayo ilikuwa inaendelea na maisha yake, na kila ilipobadilisha gari ilibadilisha tangazo, lakini picha ilikuwa ileile. Nadhani waliona uvivu kurudi Kisarawe. Katika kalenda moja ya zamani Hamidu alimwona mkewe amepakwa rangi, khanga yake imekuwa nyekundu, na mbele yake amesimamishwa bwana mwenye suti ya Kaunda. GARI LA KIONGOZI ANAYEWAFIKIA WANANCHI. Mwananchi alikuwa Mwanaamina. Baadaye Mbogo likaota kiyoyozi na madirisha ya kupandisha kwa kitufe, wakapandishwa watalii wenye darubini, na Mwanaamina akarudishwa nyuma akawa mdogo kama njiti ya kiberiti, jirani na twiga ambaye Kisarawe hatujawahi kumwona. Hiyo nayo ilitoka kwenye kalenda, Hamidu akaibandika ukutani. Toleo lililofuata lilikuwa na viti vya ngozi na mama wa mjini mwenye miwani ya jua. Humo Mwanaamina aliondolewa kabisa. Ila aliyemwondoa alisahau kivuli, kikabaki peke yake kwenye matope, na tenga lake kichwani.

"Angalia, bado umo," Hamidu alimwambia.

"Nimo wapi? Huyo ni jini."

Alicheka aliposema hivyo. Lakini binti yao Naila, ambaye siku hizi ni afisa kilimo kulekule Kisarawe, aliniambia kwamba siku hiyo mama yake alikwenda ukutani akasimama mbele ya lile tangazo la kwanza muda mrefu. Hakuwa na picha nyingine ya usichana wake. Kila walipomfuta, alikuwa anafutwa kutoka kwenye albamu yake pekee.

Mwaka huu, mvua za masika zilipoanza, akaja kijana wa kampuni ya matangazo anayeitwa Ambokile. Mbogo lilikuwa linatimiza miaka hamsini, na yeye alikuwa amemtafuta mwanamke wa tangazo mpaka akampata. Alivua viatu mlangoni, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Alikuwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na picha yenyewe, ile ya mwanzo kabisa, kabla haijakatwa ili ienee gazetini. Mwanaamina akaipokea kwa mikono miwili. Jipu lilikuwepo, yeye alikuwepo, na pembeni, kulia, palipokatwa, lilikuwepo trekta, kamba bado imelala chini, na juu ya trekta kijana anamkodolea macho msichana mwenye tenga.

Hamidu alivaa miwani. Akavua, akaifuta, akavaa tena.

"Kumbe nilikuwa mwembamba hivi."

"Na kumbe ulikuwa unaniangalia," akasema Mwanaamina. "Miaka yote unasema ulikuwa unaangalia kamba."

Baada ya hapo Ambokile angeomba chochote angepewa. Aliomba warudie picha ileile, mahali palepale, kwa Mbogo jipya ambalo viti vyake vinamkanda dereva mgongo.

"Shingo yangu haibebi tena tenga," akasema Mwanaamina.

"Tenga atabeba mwanamitindo, Bibi. Yupo mmoja Dar, anaitwa Fadhila. Atakuwa wewe."

"Na mimi nitakuwa nani?"

Ambokile alifikiri kwa heshima. "Wewe utakuwa bibi anayetazama kwa mbali."

Ambokile na dereva wake wakampakia kwenye hilo Mbogo jipya mpaka Kisarawe awaonyeshe mahali. Aliwaonyesha. Mteremko wote ulikuwa lami. Pale Mbogo lilipozama palikuwa na kibanda cha kutuma na kutoa pesa, saluni, na nyumba ya kupanga yenye marumaru nje. Ambokile alishuka akaikanyaga lami kwa kiatu, kama mtu anayeangalia kama imekauka.

"Matope yalikuwa hapa?"

"Hapahapa."

"Sasa gari langu litashinda nini?"

Wakarudi, mvua inanyesha. Walipoacha lami Mlandizi na kushika njia ya kwetu, gari lilianza kuyumba, na kwenye bonde lililo jirani na nyumba ya Mwanaamina likazama. Viti viliendelea kukanda migongo. Mtu mwingine angelia. Ambokile alifungua mlango, mguu ukaingia tope mpaka gotini, akapiga makofi.

"Hapa! Bibi, mbona hukusema? Barabara mbaya namna hii mnayo wenyewe!"

"Tumeisema sana," akajibu Mwanaamina. "Wilayani wanatujua kwa majina."

Ilikuwa kweli. Barabara ile tulikuwa tumeiombea kila mkutano, na safari hii tulikuwa tumesikilizwa: greda lilikuwa limefika Janga, likimaliza kule linakuja kwetu. Ambokile alipojua hilo alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wetu wa kitongoji, Maulidi, kuomba barabara isiguswe mpaka picha zipigwe. Alikwenda na fulana na kofia za Mbogo. Maulidi akaitisha mkutano akiwa ameshavaa kofia.

"Ndugu zangu, barabara tumeisubiri miaka yote hii. Tutashindwaje kuisubiri wiki moja? Kitongoji kinakwenda kuonekana nchi nzima!"

"Kitaonekana kibaya," akasema mtu nyuma.

"Kitaonekana, lakini!"

Mkutano ulipokwisha, Mwanaamina alikwenda kuchuma kisamvu. Kesho yake alipika wali na kisamvu cha nazi, akafunga kwenye hotipoti, akapanda bodaboda mpaka Janga. Dereva wa greda, Silvanus, mtu wa bara asiyependa maneno mengi, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mashine yake. Alikula kwanza, ndipo wakaongea.

"Nimeambiwa nisubiri, mama. Tatizo langu ni kwamba siku zangu za upande huu zinaisha. Nikivuka kwenda kata nyingine, sirudi mwaka huu."

"Aliyekutuma kwenye barabara yetu ni Maulidi?"

"Hapana. Ni wilaya."

"Wilaya imekwambia usubiri?"

Silvanus aliulamba mkono wake taratibu. "Haijaniambia."

"Basi mwanangu, mimi nimekuja kukuletea chakula tu."

Siku ambayo Ambokile alikuja na msafara wake, kulikuwa na jua kali. Fadhila mwanamitindo alishuka na tenga jipya lenye muhogo wa plastiki. Mpiga picha alishuka na buti za mpira. Wote wakasimama wakiangalia barabara. Ilikuwa imesawazishwa, imewekwa kifusi, imeshindiliwa, na bondeni pameingizwa kalvati.

"Bibi," akasema Ambokile, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa, "matope yangu yako wapi?"

"Ameyachukua Silvanus, mwanangu. Pole."

Aliuliza kama tunaweza kuchimba kidogo, pale tu, halafu yeye arudishie. Tulitikisa vichwa. Hata Maulidi aliivua kofia akaishika nyuma.

Basi wakapiga picha kwenye barabara nzuri. Mbogo lilipita na kurudi bila shida yoyote, kama gari lolote lingepita, na katikati ya kazi bajaji iliyobeba abiria na gunia la mkaa ikapiga honi, ikalipita.

Tangazo tuliliona baadaye kwenye simu ya Naila. Matope waliyaweka kwa kompyuta, mengi kuliko Gwata yote ingeweza kuyatoa, na nyuma wakasimamisha mlima wenye theluji. Mtu hamna. Wala Fadhila, wala bibi wa mbali, wala kivuli. Mwanaamina alilitazama, akamrudishia binti yake simu.

"Limekuwa zuri," alisema. "Sasa hawamsumbui mtu." Ile picha ya trekta alikuwa ameshaitia fremu, na ile kalenda ya twiga aliitoa ukutani kupisha nafasi.

Barabara ilipokauka, pikapu za wanunuzi wa muhogo zilianza kuja hadi mlangoni, jambo tuliloliota siku nyingi, na zikaja kwa kasi ambayo hatukuiota. Vumbi likajaa kwenye muhogo aliouanika Mwanaamina. Kuku wake wawili wakakanyagwa. Asubuhi moja Maulidi alimkuta katikati ya barabara, jembe mkononi, anainua tuta toka upande huu mpaka ule, Hamidu anamletea udongo kwa ndoo.

"Bibi Mwanaamina! Wewe si ndiye uliyetaka barabara?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona unaiharibu?"

"Siiharibu, mwenyekiti. Naipunguza kasi," alisema, akamwomba asogee pembeni kidogo, alikuwa amesimama palipobaki kuwekwa udongo.