Mwite Mwakio Tena

Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwenye meli iliyotia nanga Kilindini, nikiwa na akili timamu na bila tone la pombe tumboni. Nayasema hayo mapema kwa sababu najua utakachofikiri. Ningekuwa wewe ningefikiri hivyo hivyo. Nilikuwa sijamaliza hata mwaka tangu nirudi kutoka Makerere, na nilikuwa mtu wa kuuliza "umejuaje?" kwa kila neno. Ukiniambia mvua inanyesha, nilitoka nje kuhakikisha.

Ilikuwa muda mfupi baada ya uhuru, na kazi zilikuwa zimekauka. Meli zilipungua, na kampuni niliyoifanyia ukarani ilikuwa imewapunguza vibarua mara ya kwanza, ikawapunguza tena. Kila alfajiri wanaume walijaa nje ya geti, wengine wakaazi wa Majengo, wengine wametoka bara, wakimngoja serangi, yaani mkubwa wa genge, aje awaonyeshe kidole wale aliowataka. Walioachwa walikaa pale pale hadi adhuhuri. Nani anataka kurudi nyumbani asubuhi mikono mitupu, mke na watoto wakimtazama?

Padri Yona alikuwa wa watu hao. Kanisa lilimweka bandarini awe kasisi wa wafanyakazi, lakini hakuwa na ofisi wala mimbari. Alikuwa na kikombe cha bati. Alizunguka nacho ghala hadi ghala wakati wa chai, akaketi chini na watu, Wakristo kwa Waislamu, akawasikiliza. Wakitaka sala, aliomba nao. Wasipotaka, alikunywa chai. Baadaye alikwenda getini kukaa na wale walioachwa, na huko ndiko alikokaa sana.

Siku moja nilimchokoza. "Padri, maombi yako yameleta meli ngapi mwezi huu?"

"Hata moja," alisema. "Hebu sogea nikae kivulini."

Jibu hilo lilinikera. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano.

Basi wiki ninayoisema, Padri Yona alishikwa na malaria, ikampanda kichwani. Alilazwa hospitali, hamjui anayeingia wala anayetoka. Genge zima lilijua, na mimi nilijua. Tafadhali likumbuke hilo.

Siku hiyo tulikuwa tukipakua mahindi. Shehena ilikuwa na fukusi, ikaamuliwa kwamba jioni vibarua wakitoka, tumbo la meli lifunikwe kwa mbao na turubai, kisha lifukizwe dawa hadi asubuhi. Dawa yenyewe haikuchagua kati ya fukusi na mtu. Kwa hiyo ilikuwa kazi yangu kuhakikisha hakuna aliyebaki ndani.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Kila kibarua alipoingia kazini alinipa kipande chake, sahani ndogo ya shaba yenye nambari, nami nikakitundika kwenye msumari ubaoni. Alipotoka niliita jina lake, akaitika, nikampa. Misumari ikibaki mitupu, tumbo la meli ni tupu. Niliupenda utaratibu huo. Haukuhitaji imani yoyote.

Jua lilikuwa linazama walipoanza kupanda ngazi, weupe kwa vumbi la mahindi, magunia vichwani. Hungemtambua hata ndugu yako. Niliita, wakaitika. "Mwakio." "Naam." Nikampa. Nikaendelea hadi msumari wa mwisho, nikasimama, nikamwambia Serangi Bakari, "Wote wametoka. Funika."

Niliponyanyua macho, Padri Yona alikuwa amesimama ng'ambo ya pili ya mdomo wa tumbo la meli.

Alikuwa peku. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kwa sababu deki ya chuma ilikuwa bado inaunguza kwa jua la mchana kutwa, na yeye hakuinua hata unyayo. Hakuwa na kikombe chake. Alinitazama kama mtu mwenye haraka.

"Mwite Mwakio tena," alisema.

"Mwakio ameshatoka," nilimjibu. "Nimempa kipande kwa mkono wangu."

"Mwite tena."

Niamini, sikuogopa. Nilichukia. Niliona mtu mgonjwa ametoroka kitandani kuja kunifundisha kazi yangu. Niligeuka kumwambia serangi amshike asije akaanguka ndani, na nilipomgeukia padri tena hapakuwa na mtu.

"Unasema na nani, msomi?" Serangi Bakari aliuliza.

"Padri. Hukumwona?"

"Padri yupi? Padri yuko hospitali, anasema na kuta." Aliwaashiria watu wake walete mbao. "Tufunike yakhe, magharibi imeingia, nataka nikasali."

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Misumari yote ilikuwa mitupu. Mtu niliyemwona hakuwepo. Hoja zote zilikuwa upande wa kufunika. Lakini kuita jina hakugharimu kitu, na sikuita kwa imani, usidhani. Niliita ili nipate uhakika kwamba hakuna mtu, nikalale kwa raha. Niliinama nikapaza sauti.

"Mwakio!"

"Anaita panya huyu," mmoja wa vibarua alisema, wenzake wakacheka.

Niliita tena. Nilikuwa najinyoosha niondoke ndipo ilipotoka chini kabisa, nyuma ya magunia, sauti nyembamba ya mtu anayeamka.

"Naam."

Hakuna aliyecheka tena. Serangi Bakari aliteremka ngazi mwenyewe, na mzee mzima yule akapanda na mtu mgongoni. Alikuwa Mwakio, Mtaita mrefu, mwili unachemka kwa homa. Hapo yule aliyekuwa ameondoka na kipande cha Mwakio alisukuma watu akaja kupiga magoti mbele yake, analia kama mtoto. Alikuwa Mghanga, shemeji yake.

Mambo yalikuwa hivi. Mghanga alipoachishwa kazi, Mwakio alikubali wagawane kipande kimoja. Leo huyu, kesho yule, na wote wawili wakaitika jina la Mwakio. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mwakio. Mchana homa ilimwangusha, na Mghanga, aliyemletea chakula, aliingia na genge liliporudi kutoka kula ili ujira wa siku usipotee bure. Mwakio alijilaza nyuma ya magunia apumzike kidogo kisha atoroke. Mghanga alipanda ngazi jioni akiamini shemeji yake yuko nyumbani zamani. Watu wawili, jina moja, msumari mmoja. Utaratibu wangu ulikuwa sahihi kabisa, na ungemuua.

Kanuni ilisema wafukuzwe wote wawili. Serangi Bakari alinivuta pembeni.

"Mimi nimemwona kibarua mmoja mgonjwa," alisema. "Wewe msomi umewaona wangapi?"

"Mmoja," nilisema.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja hospitali. Padri Yona alikuwa kitandani, macho ameyafumba, kitambaa kibichi kwenye paji la uso. Nilifunua shuka nikazitazama nyayo zake. Zilikuwa safi, hazina mafuta wala lengelenge.

"Unatafuta nini miguuni mwa mgonjwa wangu?" nesi aliuliza.

Nilimwuliza kama padri alitoka. Alinitazama kama mimi ndiye mwenye homa. Alisema ameshinda pale tangu alasiri akimbadilishia vitambaa, na jua lilipokuwa likizama mgonjwa alitaabika sana, akawa anaita jina moja tu. "Mwakio, Mwakio. Nilidhani ni mwanawe."

Nyumbani, Mji wa Kale, nilimkuta mwenye nyumba wangu, Mzee Shee, akishona kofia barazani. Nikamweleza yote. Hakuinua macho.

"Uliangalia miguu?"

"Niliangalia. Alikuwa peku."

"Kwato?"

"Miguu ya binadamu, mzee."

"Basi si jini," alisema, akakata uzi kwa meno. "Ni padri wenu tu. Nenda ukale, mwanangu. Uso umekusawijika."

Padri Yona alipopata nafuu nilimwendea na maswali yangu yote, nimeyapanga vizuri. Alijuaje? Alikubali kwamba Mwakio na Mghanga walikuwa wamemwambia siri ya kipande, wakiwa getini, na kwamba ilimnyima usingizi. Zaidi ya hapo hakukumbuka lolote.

"Mimi nilikuwa na homa," alisema. "Hayo kamwulize daktari. Mwakio yu hai?"

"Yu hai."

"Basi tuanzie hapo. Wako wangapi wengine wanaoishi wawili kwa jina moja?"

Walikuwa wengi. Alikaa na genge zima ghalani, Serangi Bakari akiwa ubavuni mwake, na kila mwenye kazi akakubali kutoa siku yake moja kwa aliyeachishwa. Kisha wakaenda wote kwa meneja kuomba jambo lifanywe waziwazi, kila mtu na kipande chake. Meneja alikuna kichwa kutwa nzima. Asubuhi yake nilipewa nyundo niongeze misumari ubaoni. Mghanga alikuwa wa kwanza kunipa kipande kipya, na nilipoita jina lake jioni aliitika kwa nguvu mpaka mabaharia wakageuka.

Sijawa mtu wa dini. Padri Yona akiomba na genge husimama nao, ila sifumbi macho. Lakini mpaka leo siwezi kuruhusu tumbo la meli lifunikwe kabla sijainama nikaita kila jina mara ya pili, hata ubao uwe mtupu namna gani. Makarani wenzangu hunicheka. Hakuna aliyewahi kuitika tena.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma, hasa kama ni kazi yako kufunga ghala, ofisi au geti. Siku zikiwa ngumu watu huishi kwa namna ambazo hawawezi kukwambia, na utaratibu wako hauzijui. Ukiambiwa uite tena, usimwulize anayekwambia amefikaje hapo. Ita kwanza. Maswali yatakungoja. Yangu bado yananingoja.