Mbwa wa Mume Wangu

Mbwa alikuwa wa mume wangu, na nilitaka hilo lieleweke tangu siku alipomleta. Tulikuwa tumehama mjini, Ngamiani, baada ya yeye kustaafu bandarini, tukaenda kuishi kwenye shamba la marehemu baba yake, nje kidogo ya Maramba. Tukalima mahindi na mihogo, na kabla hatujaonja hata muhindi mmoja, nyani walishakuja kutuonjea. Tulipiga madebe mpaka mikono ikafa ganzi. Asubuhi moja akaaga kwamba anatoka mara moja, akarudi na mbwa wa rangi ya udongo, amemfunga kamba, na yeye mwenyewe anatabasamu kama bwana harusi.

"Mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa," akaniambia kabla sijafungua mdomo.

"Sijasema kitu."

"Nakujua."

Ni kweli ananijua. Nyumba niliyokulia, mbwa akipita tu mlangoni alimwagiwa maji. Mate yake ni najisi. Yakikugusa unaosha mara saba, na mara moja ni kwa udongo, na mimi kwenye mambo ya twahara sina mchezo. Basi nikaweka masharti. Asikanyage ndani, asilale mlangoni, asisogelee pale ninapoanika nguo za kuswalia. Chakula chake nitapika, lakini nitamsukumia kwa mpini wa jembe. Mume wangu akakubali yote. Akamjengea kibanda cha mabati, akampeleka kuchanjwa, akampa na jina. Jina lenyewe silitaji, kwa sababu ni la bosi wake wa zamani na watoto wa yule bwana bado wapo mjini. Mimi nilimwita "wewe nawe", kama ninavyomwita kila kiumbe kinachonikalia njiani.

Kazi aliiweza, siwezi kumnyima haki yake. Nyani walikuja siku ya kwanza kwa mazoea, wakaondoka mbio, mmoja ameacha muhindi nusu. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Ni mtu anayeweza kutoka adhuhuri hadi magharibi bila kutamka neno, kwa hiyo kicheko kile nilimhesabia mbwa kama fadhila.

Ila mbwa alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kuondoka. Unageuka, kibanda kitupu. Mara ameonekana barabara kuu, mara karibu na bucha, mara njia ya msikitini, ambako wanaume walikuwa wakikunja kanzu zao na kumpitia mbali huku wakiuliza mwenyewe ni nani. Siku hiyohiyo jioni alikuwa akirudi kimya kimya kama aliyetumwa dukani. Na wakati yeye yuko matembezini, nyani walikuwa mezani.

Siku moja balozi wetu wa nyumba kumi akaja, akakaribishwa chai, akazungumza habari za mvua, halafu akaweka kikombe chini.

"Shemeji, kuna kichaa cha mbwa upande wa Horohoro," akaniambia. "Imetolewa amri, mbwa wanaozurura barabarani wapigwe risasi. Wenu mimi namjua. Mwenye bunduki hamjui."

Nikamtazama mume wangu. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya sahani ya mihogo. Huyu ni mtu aliyeacha mjini barza yake ya kahawa na wenzake wa tangu ujana, akaja kukaa mahali ambapo wa kumpungia mkono ni mimi na minazi. Nilimwonea huruma. Sikumwambia, lakini nilimwonea.

Basi tukaanza kumzuia mbwa. Kwanza mume wangu alimfunga mnyororo. Mbwa akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, na nyani, viumbe wasio na haya, waliusoma ule mnyororo siku moja tu. Walikaa hatua chache kutoka mwisho wake, wakamenya mahindi yetu huku wanamwangalia. Mume wangu akaufungua. Akazungushia ua wa michongoma, akachanika mikono yote miwili, nami nikampaka mafuta ya nazi huku namsema. Mbwa akatafuta penye upenyo, akapita.

Jirani yetu ni mama wa Kidigo, rika langu, ambaye kutwa yuko mlangoni kwake anasuka ukili. Nyumba yake iko njiani kabisa. Huwezi kwenda barabarani bila kupita mbele yake. Alipoona tunahangaika akatuletea dawa. Mbwa apimwe kwa unyasi kutoka puani mpaka ncha ya mkia, unyasi ule uzikwe kizingitini, na hatavuka tena. Mimi mambo hayo siyaamini, nikamwambia. Hata hivyo nilishika koleo kuchimba shimo, na mume wangu akapima, kwa sababu wa kumgusa mbwa hakuwa mimi. Keshokutwa yake nikaenda gulioni Maramba, na wakati narudi nikaambiwa njiani kwamba mbwa alikuwa barabarani tangu asubuhi.

Nikapita kwa jirani kumsimanga.

"Dawa yako imelala," nikamwambia.

Hakuacha kusuka. "Hebu nikuulize. Jana mbwa aliondoka?"

"Jana hakuondoka."

"Jana ulikuwa nyumbani wafua. Juzi ulikuwa nyumbani. Leo umekwenda gulioni, na nyayo zako hazijapoa naye huyo anapita hapa, pua chini. Ijumaa ile uliyokwenda mazikoni, ilikuwa hivyohivyo. Mbwa huyo hazururi, mwenzangu. Akutafuta wewe."

Nikamwambia aache mzaha.

"Dawa yangu haina makosa," akasema. "Tulimpima mbwa. Wa kupimwa alikuwa wewe."

Nilikwenda nyumbani huku nabishana naye kichwani. Mimi nimempa nini yule mbwa? Sijamgusa hata siku moja. Nimempa dagaa na ugali kwa mpini wa jembe, na maneno. Hapo nikasimama njiani na kikapu changu kichwani. Maneno, ndiyo, nimempa mengi. Tangu alfajiri mimi nasema. Nausema moshi, nawasema kuku, nawasema wanangu walio mbali, na aliyekuwa akinisikiliza mchana kutwa kwa masikio yaliyosimama ni yeye. Mume wangu alikuwa akimpigia mluzi mara moja asubuhi, basi, mpaka kesho.

Nilimweleza baba watoto, na hakufurahi.

"Nimemnunua mimi," akasema. "Nimemchanja mimi."

Halafu akanyamaza. Kwa kuwa kunyamaza ndiyo desturi yake, ilinichukua muda kujua kwamba amenuna.

Baada ya hapo nilikaa nyumbani, na mbwa akakaa. Gulioni alikwenda mume wangu, akinunua nyanya zilizopondeka, nami nikamsema kwa ajili ya hizo nyanya, na mbwa akasikiliza. Mahindi ya msimu mpya yakaanza kutoa ndevu. Niseme kweli, nilifurahi. Ukifika umri wangu si kila siku unaambiwa kuna anayekufuata mpaka barabarani.

Kisha binti yetu wa Ngamiani akajifungua. Hapo hakuna mjadala, mama anakwenda. Na mahindi yalikuwa ndiyo kwanza mabichi, mazuri ya kuchoma, na balozi alikuwa ameshatuambia kwamba mwenye bunduki amefika kijiji cha jirani. Mume wangu akamfunga mbwa kamba mpya mbele ya macho yangu, mafundo mawili. Nilimwambia mbwa aache upumbavu, nikapanda gari. Njia nzima nilikuwa namwombea mtoto wa binti yangu, na katikati ya dua nikajikuta namwombea na mbwa, nikaomba msamaha, nikaendelea.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, nilikuwa nimekaa ukumbini kwa binti yangu, mjukuu mapajani. Wanawake walikuwa wamekuja kumtazama mtoto, na mama mkwe wa binti yangu, mtu wa heshima zake, alikuwa akimimina uji wa pilipili manga. Simu ikalia.

"Bibie," akasema mume wangu. Alikuwa anahema. "Ameikata kamba. Nimemkuta kwa jirani, yule mama amemzuia kwa ufagio. Nimemrudisha, lakini hatulii wala hali. Mseme kidogo."

"Nimseme vipi? Nina wageni."

"Nimeweka sauti kubwa. Anasikia."

Nikawatazama wale wanawake. Nikamkabidhi mtoto mgeni aliyekaa karibu nami, nikavuta pumzi.

"Wewe nawe," nikasema, "hebu nenda kalale huko. Nimekuachia dagaa kilo nzima umewaacha wanaingiwa na sisimizi, unataka nani akupikie tena? Nyani wakimaliza yale mahindi usije ukanikodolea macho. Na barabarani unafuata nini? Nimekwambia narudi. Nikisema narudi, narudi."

Uji ulikuwa umesita hewani. Binti yangu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Amesimamisha masikio," mume wangu akanong'ona. "Anazunguka. Amelala."

"Wapi?"

"Mlangoni."

"Mlangoni tulikatazana."

"Mwache leo."

Nikamwacha. Moyo wangu ulitulia, nikahisi njaa ya ule uji ghafla. "Haya, nakata," nikasema.

Hakujibu. Nimeishi na kimya cha mtu huyu miaka yote ya ndoa yetu na nakijua kila aina yake, lakini hiki kilikuwa kigeni kwangu.

"Usikate kwanza," akasema. "Sema tu."

Nikainuka, nikaenda uani nikakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, nikamuuliza ile sufuria ya maharage ameiosha, au ameiloweka akaiacha kama kawaida yake.