Shemeji na mashine ya boti yangu

Leo shemeji yangu amekamatwa akiiba mashine ya boti yangu. Mimi ndiye niliyemtuma.

Nilimwambia aitoe aipeleke kwa fundi. Nikasahau kumwarifu Mama Kadzo, anayekaanga mihogo hapo Shelly Beach na kuniangalilia hii boti ya matembezi.

Kufika, namkuta shemeji kakalishwa mchangani, watu wamemzunguka.

“Mwizi wako huyu,” Mama Kadzo akaniambia. “Ati ni shemeji yako.”

“Ni shemeji yangu kweli, mama.”

Wala hakuona haya. “Ulisema asiiguse mtu usipokuwepo. Shemeji si mtu?”

Nikawaomba watu wamwachie.

Shemeji akajipangusa mchanga, kanuna. Kisha akamuuliza taratibu, “Mama, na pikipiki yangu utaniangalilia?”

Mimi boti yangu sina wasiwasi nayo. Zenu mwamwachia nani?