Siku Nilipomzushia Kifo Bi Somoe wa Tingi

Jamani, nina aibu moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka niko peke yangu jikoni najikuta nimefunika uso kwa khanga, na nawasimulia nyie kwa sababu mkiisikia kwa wengine mtaisikia imetiwa chumvi, wakati yenyewe wala haihitaji chumvi.

Mnajua nakaa mapokezi pale jumba la sanaa la manispaa, Lindi mjini (lile ambalo wapita njia wanadhani ni ofisi ya ardhi, wanaingia na karatasi za viwanja vyao mkononi). Kazi yangu ni kuandikisha wageni kwenye daftari na kuwaambia wasiguse. Kuwatembeza na kuwaeleza maana ya vitu ni kazi ya mwenzangu Hashimu, aliyeisomea, ila siku hiyo Hashimu alikuwa Mtwara kwenye semina, na mimi nikajiona jumba zima liko begani mwangu.

Ukumbi wa kwanza kulikuwa na kazi moja kubwa, magunia ya korosho yaliyoshonwa pamoja na vipande vya khanga kuukuu, yananing'inia kutoka darini hadi sakafuni, mazuri hata hujui uanze kutazama wapi. Kibandiko chake cha maelezo kilikuwa kimebanduka kwa joto, nikakitia kwenye droo ya meza yangu, nikasema nitakirudisha nikishakunywa chai.

Chai haijapoa, ikasimama Coaster mlangoni, wakashuka wakulima kama ishirini wa Kikole, watu wazima watupu. Walikuwa Lindi siku ya tatu kwa mkutano wa korosho, umekwisha, na mwenyekiti wao akawaambia jumba hili ni la serikali, maana yake ni letu, tuingie tuone kabla hatujarudi. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba kwa pamoja, nikawapeleka ukumbini nikitembea mbele kama mtu aliyesomea Ulaya.

Mama mmoja mwenye rozari shingoni akasimama mbele ya yale magunia, akacheka.

"Binti, si magunia yetu haya? Nani kayafanya hivi?"

"Ni Bi Somoe wa Tingi," nikasema (hilo nilikuwa nalijua).

"Tingi si kwa jirani tu! Tupite tumpe hongera. Yupo?"

Hapo ndipo nilipopotea. Droo ilikuwa hatua ishirini, ningekwenda kuchungulia kibandiko mambo yakaisha, lakini watu ishirini wananitazama kama mtaalamu, na nikaona mtaalamu hakimbilii droo. Sasa chumba cha ndani tulikuwa na vinyago vya fundi mmoja aliyekwisha kufariki, na Hashimu akifika pale huinamisha kichwa, anasema "marehemu" kwa sauti ya chini, wageni wote wananyamaza, napapenda sana pale. Kichwani, kwa ile haraka, nilikumbuka tu kwamba kati ya wale wawili mmoja ameshafariki, yupi sikuwa na hakika. Nikachagua.

Nikainamisha kichwa. "Kwa bahati mbaya Bi Somoe ametangulia mbele ya haki."

Nyuma kabisa kulikuwa na mzee wa kofia.

"Somoe yupi?" akauliza.

"Wa Tingi, mzee wangu. Huyu mshonaji."

"Lini?"

Nilikuwa bado na nafasi ya kusema ngoja niangalie. Nikasema, "Juzi." (Juzi! Mpaka leo sijui niliitoa wapi.)

Yule mzee akaegemea ukuta, akateremka nao polepole mpaka akakaa sakafuni, akavua kofia. Wanaume wakasema innalillahi, mama wa rozari akapiga ishara ya msalaba, na mmoja akaninong'oneza kwamba yule ni Mzee Issa, Bi Somoe alikuwa mkewe, waliachana kwa ugomvi wa shamba la mikorosho, miaka thelathini hawajasalimiana. Mzee Issa alikuwa analia bila sauti, machozi yanapita tu kwenye ndevu.

Mtu akasema wapige simu Tingi kwanza, lakini mwenyekiti akamkatiza. "Msiba haupigiwi simu. Tununue mchele na sukari, twende."

Wakatoka. Mimi nikaenda kufungua droo, nikasoma kile kibandiko: "Anaishi na kufanya kazi Tingi, Kilwa." Anaishi! Nikatoka mbio hadi barabarani, Coaster haipo, na kwenye daftari wameweka majina na sahihi, namba ya simu hata moja hakuna.

Basi nikatafuta faili la Bi Somoe, nikampigia. Akapokea mwenyewe, mzima wa afya.

"Niko shamba, mwanangu, napalilia muhogo. Kuna nini?"

Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Hamna kitu, mama. Tunakujulia hali tu."

"Ahsanteni, mna utu nyie," akasema, akakata.

Alasiri bosi wetu, Madamu Anjela, akaja mezani kwangu na simu mkononi. "Zaituni, kwa nini watu wa Kikole wanalia nyumbani kwa Bi Somoe?"

Jumamosi ya wiki ile ilikuwa siku ya wasanii kuonana na watu, ukumbi umejaa, wanafunzi, madiwani, mpaka shangazi yangu niliyemwalika mwenyewe aje anione kazini. Bi Somoe akapewa kipaza sauti.

"Asalaam aleikum. Naitwa Somoe binti Hassani, marehemu."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Akawaeleza kwa utulivu jinsi alivyotoka shamba na jembe begani akakuta kilio uani kwake, mama mmoja kumwona akatupa sufuria akakimbia, wengine wakamfuata, akabaki Mzee Issa peke yake.

"Akaniambia, 'Somoe, nilikuja kukuomba radhi kaburini. Kumbe nitakuomba usoni, na hii ni ngumu zaidi.' Tukaita watu warudi, mchele wao tukaupika, tukaula." Akatazama huku na huku. "Sasa yuko wapi aliyeniua?"

Madamu akanitazama, na ukumbi mzima ukafuata macho ya Madamu. Nikasimama, nikaenda mbele, nikasema kwenye kipaza sauti kwamba ni mimi, kwamba sikujua na nikaona haya kusema sijui, na hata nilipojua, nikampigia simu nikaishia kumjulia hali. Shangazi akafunika uso.

Bi Somoe akanishika mkono, kiganja chake kikavu, kigumu. Akaniambia taratibu, "Nilikuwa nimepanga kufa bila kumsamehe yule mzee. Umeniharibia." Kama ilikuwa shukrani au lawama, sikuthubutu kuuliza.

Barua ya onyo niliipata, na niliistahili. Msidhani kwa kuwa iliishia kwa kucheka basi ni sawa, kwa sababu mimi ndiye niliyemwona yule mzee akiteremka na ukuta, analilia mtu kwa ajili ya maringo yangu, na picha hiyo haichekeshi. Mwezi uliofuata nilikwenda Kikole mwenyewe kumwomba radhi. Akanikaribisha uji, akaniuliza kama msimu ujao mvua itawahi.

Nikamwambia, "Sijui, mzee wangu." Na tangu siku hiyo ndivyo ninavyojibu kila nisilolijua, hata mbele ya waziri, maana neno hilo bado sijaona likimwua mtu.