Saa Nne ya Muholanzi Wetu

"Muholanzi wetu ametutoka." Ujumbe huo ulinikuta Columbus, mji ambao nilikuwa nimeanza kuuzoea na kwa hiyo nilikuwa karibu kuuhama. Msomaji atadhani aliyekufa ni mzungu. La. Ni mzee wa milima ya Kivu Kusini, mfugaji wa ng'ombe enzi zake, aliyeletwa Marekani akiwa na mvi na kupewa kazi ya kupanga maboksi katika ghala moja la Okolona, kusini mwa Louisville, kabla hajamfuata mwanawe Black Rock, kule Buffalo. Uholanzi hakuikanyaga hata siku moja. Lakini Kiholanzi alikisema, na alichoweza kukisema kwa lugha hiyo ni kitu kimoja tu: mapumziko ya kazini na ya shuleni.

Wakimbizi hatuchagui ndege. Yeye aliletwa huku, binti yake akapelekwa Uholanzi, akaolewa huko na kuzaa msichana. Mama alimsemesha mtoto Kiswahili, mtoto akajibu Kiholanzi, kama hawa wetu wanavyotujibu Kiingereza. Babu alipopiga simu, mjukuu alimtazama kwenye kioo kama picha ya mtu asiyemjua, kisha akakimbilia michezo yake. "Nitakufa huyu mutoto hanijue," alituambia mzee, na hakuwa anatania. Ndipo siku moja akamwuliza binti yake kitu gani mtoto anakipenda huko shuleni. Binti akacheka, akasema anapenda pauze tu, ule muda wa kutoka nje kula na kucheza. Mzee akashika simu kwa mikono miwili. "Pause? Bon, hiyo hata mimi niko nayo."

Kusema kweli hakuwa nayo, na hakuna kati yetu aliyekuwa nayo. Watu wa Kivu tulikuwa na desturi yetu pale ghalani. Kengele ya mapumziko ikilia, wenzetu wanaketi, sisi tunaendelea kubeba, ili supavaiza aone kwamba hatukuja huku kulala. Yeye hakuona bidii yoyote. Aliona maboksi yanapungua, akazoea. Sasa saa nne yetu ya asubuhi ilikuwa saa kumi ya alasiri kwa mjukuu, amesharudi nyumbani, na mzee akaweka chini skana yake ya kusomea lebo za maboksi, akaketi juu ya kreti, akapiga simu.

"Papa, simama, ule anakuangalia," mmoja wetu alinong'ona.

"Aangalie. Mutoto ananingoja."

"Utafukuzwa juu ya simu?"

"Nikifukuzwa nitakuwa na pause mpaka jioni. Donc tutaongea vizuri."

Supavaiza alikuja kweli, akamsimamia kichwani, akauliza kuna nini. Mzee hakuwa na Kiingereza cha kujitetea, kwa hiyo akamgeuzia simu. Msichana akamtazama yule mzungu, akamwuliza swali ambalo babu yake, tangu afundishwe na binti yake, alikuwa ametufundisha sote kwa kulirudia: "Heb je pauze?" Nikamfasiria kwa Kiingereza changu cha kuokota barabarani kwamba mtoto anataka kujua kama yeye yuko kwenye mapumziko. Supavaiza akatazama saa yake, akatazama kengele ukutani, halafu akavuta kreti nyingine akaketi. Tangu asubuhi ile tuliketi wote, na ghala halikuanguka.

Lakini palikuwa na adha nyingine. Kule milimani, mtu mzima hatangazi alichokula. Ni utovu wa adabu. Na mjukuu hakuwa na mazungumzo mengine. Basi yule mzee wa heshima, ambaye wakwe zake hawakuwahi kumwona akitafuna, ilimbidi kila siku aseme kwa sauti "boterham met kaas", yaani mkate na jibini, na kuongeza "lekker", tamu, huku akitazama pembeni. Jibini yenyewe hakuila. Bakulini mwake kulikuwa na ugali na sombe, kisamvu chetu, na siku alipochoka kudanganya akaionyesha ile sombe kwenye simu. "Sombe," alirudia mtoto. Mzee akatupitishia simu, mmoja baada ya mwingine, tumsalimie. Alifanya hivyo Okolona, akafanya hivyo Columbus alipokuja kututembelea sisi tuliohamia huko, na Buffalo hadi alipougua.

Nilipanda basi kwenda Black Rock. Nyumba ya msiba ilikuwa imejaa, na mlangoni alisimama msichana mrefu aliyevaa koti, amefika na mama yake kutoka Uholanzi. Binamu zake walimsemesha Kiingereza cha haraka, mabibi wakamsemesha Kiswahili, naye akawa anarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea kibarazani. Nikafikiri, ndilo hili aliloliogopa mzee. Ndipo mama mmoja tuliyefanya naye kazi Okolona akapita na sinia la chakula, akasimama mbele yake, akauliza kwa lafudhi ya Uvira tupu: "Heb je al pauze gehad?" Umeshapumzika? Kutoka kwenye kochi sauti ya mwanamume ikajibu kwamba "wij hebben pauze", sisi tuko mapumzikoni, na chumba kizima kikacheka mbele ya picha ya marehemu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msichana akavua koti. Akaketi katikati ya akina mama, akaletewa sahani, akaitazama, akasema mwenyewe kabla ya kuambiwa: "Sombe."

Mimi niliacha shule mapema, na nimezunguka miji mingi nikiamini kwamba aliyesoma kidogo hana budi kufanya kazi bila kuketi. Yule mzee aliketi, na kwa maneno yasiyojaza kiganja akampa mjukuu wake ukoo mzima katika miji mitatu. Kengele ikilia, ndugu msomaji, weka skana chini, umpigie anayekungoja. Supavaiza atazoea.