Gari Letu Linavuta

"Ndugu dereva, gari lako linavuta," afande aliniambia, nami nikamjibu, "Asante sana, afande."

Nilielewa kwamba analisifu. Kwetu sisi madereva, gari likivuta maana yake lina nguvu, linapanda mlima na magunia bila kulalamika. Yeye alikuwa na maana ya kuvuta kama mtu anavyovuta sigara. Waliokuwa kwenye foleni ya ukaguzi, pale uwanjani karibu na stesheni ya Mpanda, wakacheka, na siwezi kuwalaumu. Afande akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akakishika mbele ya bomba la moshi, akaniambia nikanyage mafuta. Nikakanyaga. Alipokiinua kilikuwa na doa jeusi, bichi, la ukubwa wa kisahani cha chai.

"Hiki kitambaa nilipewa na mke wangu," akasema.

"Pole, afande."

"Usinipe pole mimi. Naenda Sitalike kukagua magari ya huko. Nikirudi nikute hili bado linavuta, nang'oa namba. Mtafugia kuku humo."

Nimtendee haki: hakupiga kelele, hakuomba kitu, na moshi ulikuwepo kweli. Ulikuwa mzito, wa rangi ya buluu, na mkulima mmoja wa Mwamkulu alishawahi kuniambia kwamba akiuona juu ya miti anajua saa ya kuacha jembe imefika. Nilikuwa nimeuzoea moshi ule kama mtu anavyouzoea mguu wake mbovu.

Namba za gari hazikunitisha sana. Kilichonitisha ni posa yangu. Landrova ile haikuwa yangu, ilikuwa ya mzee mmoja mfanyabiashara wa mpunga, aliyekuwa akiuchukua Mpimbwe na kuuleta Mpanda. Mimi nilikuwa dereva wake tu. Na nilikuwa nimekubaliwa kwenye nyumba moja ya Nsemulwa. Sikuwa na ng'ombe, shule nilikomea darasa la nne, na sura yangu sitaisemea. Nilikubaliwa kwa ajili ya usukani. Baba wa binti alikuwa fundi magari, na siku ya posa aliwaambia ndugu zake mbele yangu, "Huyu kijana ni dereva." Sikumbuki kama alitaja sifa ya pili. Kwa hiyo gari likisimama, mimi ningebaki nani?

Na fundi pekee ambaye Mzee alimwamini alikuwa huyo huyo mkwe wangu mtarajiwa.

Tulilipeleka gari uani kwake. Nilivaa suruali ya kanisani, kwa heshima. Kwao, mkwe hapingwi, hatazamwi usoni, na ukiwa na neno zito la kumwambia unalipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama mmesimama hatua moja. Fundi aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho, akasikiliza injini kama mtu anayesikiliza tangazo la msiba redioni.

"Ring zimekwisha," akasema.

Ring ni zile pete za chuma zinazozuia mafuta ya injini yasipande kwenda kuungua. Kuzipata ilikuwa lazima ziagizwe, zije na treni, zikiwepo huko zinakotoka, na miaka ile jibu la dukani lilikuwa "hakuna" kabla hujamaliza kusema unachotaka. Nikaona harusi yangu inapanda treni na kwenda zake.

Sasa, mimi si fundi. Inawezekana hata leo sielewi vizuri. Lakini gari lile lilikuwa na nguvu, na nilivyosikia mimi, gari lililoisha ring halina nguvu. Nikamgeukia Mzee, aliyekuwa amesimama katikati yetu.

"Mzee, naomba umuulize Baba, gari lililoisha ring linaweza kupanda mlima na magunia?"

Mzee akageuka. "Kijana anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie linaweza, likitaka."

"Baba anasema linaweza, likitaka."

"Nashukuru. Muulize kama ataniruhusu nizungushe hendeli, apime mwenyewe."

"Mwambie azungushe. Jasho halijamuua mtu."

Nikaichomeka hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, kwa mbele nikazungusha polepole. Kama ring zimelegea, hendeli inazunguka kirahisi kama ya cherehani. Ile ilinikatalia. Kila silinda ilipofika zamu yake ilinisukuma nyuma, na moja nusura inivunje kidole gumba. Fundi akasogea. Alifungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gunia, akachuchumaa. Zote zilikuwa zimelowa mafuta, na zimelowa sawasawa.

"Mwambie mkwe wetu," akamwambia Mzee, "ring huchoka moja moja, kama meno. Hizi plagi zimelowa zote pamoja. Zinakunywa kisima kimoja."

Lile neno "mkwe wetu" nililisikia vizuri. Sikumtazama, lakini nililisikia.

Kisima kimoja ni kabureta, kwa sababu silinda zote zinavuta hewa kupitia hapo. Na hewa ya kabureta inatoka kwenye chujio, chombo cha bati chenye bakuli la mafuta chini yake. Vumbi linaingia, linanasa kwenye mafuta, hewa safi inaendelea na safari. Fundi akaagiza nilifungue bakuli. Nikalilegeza na kulivuta haraka, kama unavyoteremsha sufuria tupu. Halikuwa tupu. Mafuta yote yaliishia kwenye suruali ya kanisani.

"Nani kajaza hivi?" fundi akauliza, akisahau hata kupitisha kwa mtu.

"Mimi," Mzee akajibu kwa fahari. "Kila Jumapili, baada ya misa."

Wakati ule wa uhaba wa petroli, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili alasiri, na Mzee aliutumia muda huo kulihudumia gari lake. Mafuta yenyewe yalikuwa adimu. Kopo lake alilificha chini ya kitanda, na bakuli lile hakuniruhusu kuligusa. Nilidhani ni kwa sababu ya ubahili. Nilikosea, maana ilikuwa kinyume chake kabisa.

"Si kuna mstari humu ndani, katikati?" fundi akauliza.

"Niliuona. Nikajua ni wa chini. Yasipungue hapo."

"Ni wa juu, Mzee. Yasizidi hapo."

"Wa juu? Katikati ya bakuli?"

Mzee alikuwa ameuza mchele maisha yake yote. Sokoni pishi iliyojazwa ikalingana na ukingo ni tusi. Unajaza mpaka kichuguu kisimame, mpaka punje zianze kumwagika, halafu unatupia juu kiganja kimoja cha nyongeza. Watu walivuka vibanda vya wengine kufuata nyongeza yake. Na mstari ule, nilipoufuta na kuutazama, haukuonyesha kama ni wa juu au wa chini. Mimi mwenyewe ningeweza kukosea, tena nisingekuwa na sababu nzuri kama yake.

"Nimpe nusu bakuli?" Mzee akasema, amekasirika kidogo. "Gari linalonilisha?"

"Linapaliwa, Mzee! Likivuta hewa linavuta na mafuta. Kumbe moshi wote ule ni nyongeza!" Fundi akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Mimi nilijizuia, kwa sababu mbele ya mkwe huonyeshi meno. Nilienda kucheka nyuma ya choo.

Tukasafisha chujio kwa petroli, tukaweka mafuta mpaka mstarini, Mzee akiangalia kama mtu anayeona mgeni wake ananyimwa chakula. Moshi uliokuwa umebaki bombani ulitoka kwa wingi, ukapungua, ukawa mwembamba.

Afande aliporudi, mimi sikuwa na kitambaa, na nilijua chake hatakitoa tena. Asubuhi ile binti wa fundi aliniletea kimoja cheupe alichokidarizi maua mekundu, cha kuwekwa kwenye viti vya nyumba yetu.

"Chukua," akasema. "Kikirudi cheusi, na wewe usirudi."

Pale uwanjani nilikanyaga mafuta huku nimefumba macho. Nilipofumbua, afande alikuwa amekiinua kwenye jua. Kilikuwa na kivuli cha kijivu tu, kwenye ua moja. Daftari langu la safari linasema siku ile kulikuwa na jua kali. Mke wangu anasema kulikuwa na mawingu. Namwamini yeye.

"Sasa halivuti," afande akasema. Safari hii nikapokea kitambaa tu, bila asante.

Basi tukashika njia ya Mpimbwe, abiria wamekaa juu ya magunia matupu kama kawaida. Tulipopita Sitalike na kuingia porini, mbung'o wakatuvamia kama hawajawahi kutuona. Abiria wakaanza kujipiga makofi.

"Dereva! Umelifanya nini gari letu?"

"Nimelitengeneza."

"Nani alikutuma?"

Kwenye kizuizi ambako magari hukaguliwa yasisafirishe mbung'o, yule mtu wa wavu ambaye siku zote alitupungia mkono tupite alituweka mpaka magunia yakapata moto kwa jua, akiwanasa mbung'o mmoja mmoja. Abiria walishikilia kwamba ni moshi ule uliokuwa ukiwafukuza mbung'o. Mimi sina hakika. Tuliporudi, Mzee alinisubiri na kopo mkononi.

"Nyongeza kidogo tu," akasema. "Watu wangu wanaumwa."

Nikamwambia amuulize Baba. Baba akasema mwambie hapana.

Harusi ikafungwa Nsemulwa, na bibi harusi akapelekwa kwetu Mpimbwe kwa Landrova ile ile, mimi mwenyewe nikiendesha. Shangazi zake walibeba matawi. Kwao, bibi harusi akiwa njiani hufunikwa khanga, hasemi, hatikisiki, mpaka avuke mlango wa mumewe. Akitikisika, watasema ana haraka. Shangazi walipigana na mbung'o kwa matawi njia nzima, na matawi mengi yalimpata yeye. Hakutikisika. Kwenye kioo nilimwona mbung'o mmoja ametua juu ya mkono wake uliotokeza nje ya khanga, akakaa, akashiba, akaondoka kwa muda wake.

Tukafika. Vigelegele vikapigwa, akavuka mlango, akafunuliwa khanga. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno lolote la kwanza kutoka kwa mke wangu.

"Rudisha moshi," akasema.

Na haki yake niseme: mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwiko.