Picha Kando ya Mlango wa Choo

Nakumbuka siku moja ya mvua kule Uccle, mtaa wa wenye nacho huku ughaibuni, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya. Nilikuwa kijana, kazi yangu kumtunza mzee mmoja wa Kiayalandi: kumwogesha, kumlisha supu, kumsikiliza. Ukutani, kando ya mlango wa choo, ilitundikwa picha ya bwana mmoja wa zamani, mwenye nywele za bandia na tumbo la shibe. Nikamuuliza mzee kwa nini mtu wa heshima vile akawekwa pale.

"Huyo ni babu wa babu zetu," akasema. "Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita alikuwa na benki Dublin. Wajane walimwekea akiba zao. Kisha akautaka ubunge. Akawa anawakopesha wenye kura, wajane wanaambiwa warudi kesho. Ubunge aliupata, lakini benki ilifunga milango na wajane wakabaki mikono mitupu. Bibi yangu alikataa kumweka sebuleni."

Nilicheka sana. Sikio la kufa halisikii dawa.

Maana mimi nami nilikuwa benki, ya kwetu Schaerbeek, upande wa pili wa mji. Tulikuwa na likelemba, watu wa Kivu kumi na wawili: kila mwezi tunachanga pesa, mmoja anabeba zote kwa zamu, na mtunzaji ni mimi. Mwaka huo nikagombea udiwani.

Zamu ya Septemba ilikuwa ya Maman Furaha, msafisha ofisi asiye na karatasi za ukaazi, kwa hiyo asiye na kura. Nikaisogeza mbele zamu yake, nikampa mwanakwaya mmoja mwenye ukoo mkubwa unaopiga kura. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Maman Furaha akanifuata kituo cha tramu.

"Papa Déo, tour yangu ni huu mwezi. Mama yangu iko mugonjwa kule Bukavu, munganga anaomba franga mbele ya kumupasula."

"Bon, maman, vumilia kidogo. Kisha élections, kura zikipita, utapata yote."

"Sawa, papa," akasema, akapanda tramu.

Nilishinda. Wiki ile ile nikampelekea bahasha, nimevaa suti mpya. Nikakuta viti vya kanisa vimepangwa sebuleni kwake na kina mama wanaimba nyimbo za matanga. Maman Furaha aliipokea bahasha kwa mikono miwili.

"Merci, papa. Sasa hii nitamutumia nani?"

Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanangu, juzi uliniuliza kwa nini bango langu la uchaguzi nimelitundika kando ya choo. Ndiyo sababu. Watu wakikuamini, usiigeuze imani yao kuwa ngazi ya cheo. Mhudumie kwanza yule asiye na cha kukulipa, maana ndiye atakayenyamaza ukimdhulumu. Mungu akupe masikio niliyoyakosa mimi, na siku picha yako itakapotundikwa, wajukuu wako waiweke sebuleni.